Bati, dirisha na pangaboi: darasa kuukuu linachemka kwa nini, na kipi kirekebishwe kwanza

Ingia kwenye jengo kuukuu la shule ya pwani saa saba mchana, mwezi Februari, siku ambayo kaskazi imelala. Kinachokupokea kwanza ni harufu: jasho, chaki, viatu vilivyolowa umande asubuhi. Kisha joto, na ukilisikiliza vizuri utaona linatoka juu. Utosi unawaka kabla ya mgongo. Mwalimu amesogea mlangoni, anafundishia hapo hapo. Watoto wa dawati la nyuma wanajipepea kwa madaftari, na lile lenye jalada gumu linaazimwa mkono kwa mkono.

Baada ya siku kadhaa za namna hiyo huitishwa kikao cha wazazi, na mtu mmoja, kwa kawaida mwenye ofisi mjini, husimama na kusema: "Tuchangishane, tununue kiyoyozi." Makofi. Nimekaa kwenye vikao hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara nimetamani mtu aulize jambo moja kabla daftari la michango halijaanza kuzunguka: tunataka kuondoa nini humo ndani?

Maana humo ndani mna vitu vitatu vilivyochanganyika mpaka vinaonekana kimoja. Kuna joto la paa, kuna joto la miili ya watoto, na kuna hewa iliyokwisha kutumika. Kila kimoja kina dawa yake, na dawa ya kimoja inaweza kuzidisha kingine.

Wanaotaka kiyoyozi wana hoja, nisije nikaonekana nawabeza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliopitia matokeo ya mtihani ya wanafunzi wapatao milioni 10 wa sekondari, ulikuta kwamba mwaka wa masomo ukizidi joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, yaani kama nusu nyuzi ya Selsiasi, kile wanachojifunza mwaka huo hupungua kwa takriban asilimia 1 katika shule zisizo na viyoyozi. Na tusidhani hili ni tatizo la maskini peke yao. Mwaka huo huo, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa asilimia 41 ya wilaya za elimu za nchi hiyo zilihitaji kukarabati au kubadilisha mitambo ya joto, baridi na hewa katika angalau nusu ya shule zao. Joto linaharibu masomo, hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya wapi pa kuanzia.

Joto latoka wapi

Jua la adhuhuri bila mawingu humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba ya paa. Hiyo ni pasi moja ya umeme. Darasa la mita 9 kwa 7 lina mita 63 za mraba, basi piga picha ya pasi 63 zimepangwa juu ya vichwa vya watoto. Kwa bahati nzuri si zote zinazopenya. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo. Lakini bati lina tabia moja ya ajabu: kile kidogo linachomeza hupata tabu kukitema, kwa sababu chuma kinachong'aa ni bahili wa kutoa joto lake. Linapoanza kushika kutu mambo huharibika zaidi. Kutu humeza sehemu kubwa ya kinachokuja. Bati kuukuu juani hufika nyuzi 60 na kupita.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kipimajoto cha ukutani kinasema 32, na mkaguzi anaandika "hali ya kawaida", huku watoto wanaiva. Kipimajoto hakisemi uongo, ila kinapima hewa tu. Bati la nyuzi 60 halihitaji kupasha hewa ili likufikie. Linakurushia joto moja kwa moja, kama jiko la mkaa linavyochoma shavu lililolielekea na kuliacha lile jingine. Ukifungua madirisha yote utapata hewa ya nyuzi 32 huku utosi ukiendelea kuchomwa. Dawa ya joto hilo ni kuweka kitu kati ya bati na kichwa. Upepo hautoshi.

Joto la pili ni la watoto wenyewe. Mtoto aliyekaa akiandika hutoa wati 75 hivi, kama balbu za zamani zile za kioo. Watoto 60 ni wati 4,500. Sasa rudi kwa yule mwenye ofisi mjini: kiyoyozi alichokizoea, cha BTU 12,000, kina uwezo wa kuondoa kilowati 3.5 za joto. Hakiwawezi hata watoto, sembuse paa. Ofisini kwake wako wawili na kompyuta, na paa lake ni zege la ghorofa ya juu yake.

Hewa iliyotumika

Hili la tatu ndilo lisiloonekana, na ndilo linaloharibiwa na kiyoyozi.

Mtoto wa miaka kumi hivi hupumua nje kama lita 15 za kabonidayoksaidi kwa saa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za gesi hiyo katika kila milioni. Funga watoto 60 kwenye darasa letu la mita 9 kwa 7 lenye kimo cha mita 3, madirisha yote yafungwe, na baada ya kipindi kimoja cha dakika 40 kipimo kitapita 3,000. Hawatakufa. Watapiga miayo, macho yatakuwa mazito, na mwalimu atasema kizazi hiki ni cha wavivu. Lakini gesi hiyo ni kipimo tu cha jambo kubwa zaidi: inaonyesha ni kiasi gani cha hewa unayovuta kimeshatoka kwenye pafu la mwenzako. Kifua kikuu husafiri kwa njia hiyo hiyo, na surua pia.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu hewa ya ndani ya majengo, lilipendekeza lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watoto 60 ni lita 600 kwa sekunde, maana yake hewa yote ya darasa iwe imebadilishwa kila baada ya dakika 5 na kidogo. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani inahitaji mtambo mkubwa. Kumbe hapana. Mita 2 za mraba zilizo wazi upande unaopokea upepo, na nyingine 2 upande wa pili, zikipata upepo mwanana wa mita 1 kwa sekunde, upepo ambao haupeperushi hata kanga kwenye kamba, hupitisha kati ya lita 500 na 1,000 kwa sekunde kutegemea unaingia kwa pembe gani. Bure.

Na kiyoyozi? Watu wengi, wakiwemo waliosoma, wanaamini lile boksi lililoning'inizwa nje linavuta hewa safi na kuiingiza ndani. Halifanyi hivyo. Mabomba mawili ya shaba yanayopita ukutani hubeba gesi ya kupozea tu. Inachukua joto ndani, inakwenda kulimwaga nje, inarudi. Hewa ya chumbani ni ile ile, inazungushwa na kupozwa, inazungushwa na kupozwa. Na kwa kuwa LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inakimbia, mkuu wa shule anaagiza madirisha yafungwe na mlango uwekewe spring'i. Hapo umenunua darasa lenye ubaridi mzuri ambamo mtoto mmoja mwenye kifua kikuu anatosha kuwaambukiza wenzake.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha vipimo vya hewa kutoka hospitali za Lima, Peru. Walikuta kwamba vyumba vya majengo ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, madirisha na milango ikiachwa wazi, vilibadilisha hewa mara nyingi zaidi kuliko vyumba vya kisasa, hata vile vyenye mitambo ya kusukuma hewa. Mzee alimshinda kijana. Nakumbuka matokeo hayo kila nikiona jengo la enzi ya Mjerumani au Mwingereza linapigwa nyundo kwa jina la ukarabati.

Ukarabati unaoua jengo

Waliojenga shule zetu kongwe hawakuwa na umeme wa kuchezea, basi walitumia akili. Jengo refu na jembamba, chumba kimoja tu kwa upana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Mgongo wa paa umelala mashariki hadi magharibi, madirisha yanatazama kaskazini na kusini; jua la asubuhi na la jioni linagonga ukuta mtupu, na kaskazi na kusi zote mbili zinapata mlango wa kuingilia. Kibaraza kirefu kinatia kivuli ukutani. Juu ya lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, kuna safu ya tofali za matundu ambazo hazifungiki, hata mlinzi akitaka.

Sasa angalia kinachofanyika leo. Shule moja ya msingi niliyoitembelea ilikuwa imepata mfadhili, na kazi ya kwanza ilikuwa madirisha. Ya zamani yalikuwa ya luva, vile vioo vyembamba vilivyopangwa kama ngazi. Vingine vilikosekana, vingine vimezibwa kwa kipande cha boksi, mikono ya kufungulia imeshika kutu. Yalikuwa mabaya kuyatazama, nakiri. Yakang'olewa, yakawekwa ya alminiamu ya kusukuma pembeni, yenye kioo cha giza. Shule ikapendeza, picha zikapigwa.

Nilisimama mbele ya dirisha moja na futi ya fundi. Upana sentimita 180, kimo 120. Luva lilikuwa likifunguka karibu lote. Dirisha la kusukuma lina vioo viwili vinavyopandana: ukifungua hadi mwisho, nusu bado imezibwa. Weka wavu wa mbu wenye vumbi la miezi sita, na ile nusu inabaki kama robo. Yaani mfadhili alilipa kuondoa nusu na zaidi ya hewa ya darasa. Na tofali za matundu juu ya lenta? Zilikuwa zimezibwa kwa saruji, kwa sababu popo walikuwa wakiingia. Fundi akaniambia kwa fahari kwamba sasa hapaingii hata sisimizi.

Popo ni tatizo la kweli, sibishi. Mwenye kujua harufu yao hahitaji kuelezwa. Dawa yao ni wavu wa chuma wa matundu madogo upande wa ndani wa tofali, na mtu wa kuusafisha kila likizo. Dawa ya luva bovu ni luva zima, au dirisha la bawaba linalofunguka lote kwa nje. Ambaye anaogopa wezi ana nondo. Nondo zinazuia mtu na kupitisha upepo, na faida yake haiishii mchana. Shule zenye kuta nene za mawe, hasa bara kama Tabora au Dodoma ambako usiku hupoa sana, zinapaswa kuachwa wazi usiku ili ukuta utapike joto la jana. Ukuta mnene uliofungiwa madirisha usiku kucha unaamka asubuhi na homa. Pwani nafuu hiyo ni ndogo, maana usiku wenyewe una joto, lakini ipo.

Paa

Hapa ndipo ningeweka shilingi ya kwanza.

Njia ya bei nafuu ni rangi nyeupe ya nje. Paa jeupe safi hurudisha mwanga mwingi na, tofauti na bati tupu, hutoa kwa urahisi kile kidogo lilichomeza. Kasoro yake ni vumbi na ukungu, kwa hiyo lioshwe na kupakwa tena baada ya miaka kadhaa. Kutu ikwanguliwe kwanza. Na kama shule inakinga maji ya mvua ya kunywa kutoka paa hilo, rangi isinunuliwe kabla ya muuzaji kuonyesha kwamba inafaa kwa maji ya kunywa. Hili husahauliwa kila mara.

Njia ya pili ni dari. Siling bodi ya kawaida iliyopigiliwa chini ya kenchi inakata ule mnururisho wa bati, yaani lile joto linalorushwa moja kwa moja, mradi ile nafasi ya juu yake ipate kupumua kupitia matundu ya pembeni, yenye wavu kwa ajili ya wale popo wetu. Dari isiyopumua ni tanuri juu ya tanuri. Palipo na fedha kidogo zaidi, tandika chini ya bati ile karatasi ya alumini inayong'aa kama ndani ya pakiti ya sigara, uso unaong'aa ukitazama chini na pakiwa na nafasi ya hewa. Mafundi wengi huilaza uso ukitazama juu; baada ya mwaka mmoja vumbi limeufunika na kazi imekwisha. Dari ina faida nyingine ambayo walimu huitaja kabla ya joto: mvua ya masika ikipiga bati tupu hakuna kipindi, mwalimu anakaa na kusubiri. Chini ya dari anasikika.

Tahadhari moja nzito. Baadhi ya shule za zamani zimeezekwa kwa vigae vipana vya kijivu vyenye mikunjo vinavyofanana na saruji. Mara nyingi hivyo vina asbesto, na nyuzi zake zikivutwa husababisha saratani. Visitobolewe, visipigwe msasa, visikwanguliwe ili kupakwa rangi, na watoto wasiitwe kubeba vipande siku ya kazi za mikono. Kuviondoa ni kazi ya wenye kibali kutoka mamlaka ya mazingira.

Sasa feni

Paa likishatibiwa na madirisha yakifunguka, ndipo pangaboi anapata kazi ya maana. Feni haipozi hewa hata kwa nusu nyuzi. Inachofanya ni kuondoa lile tabaka la hewa yenye unyevu lililogandana na ngozi ili jasho likauke, na upepo wake wa mita 1 kwa sekunde hukupa nafuu inayokaribia nyuzi 3. Chini ya bati tupu inafanya kinyume: inachota joto lililokusanyika juu na kuwamwagia watoto. Ndiyo sababu shule nyingine hufunga feni, zikaonja, zikazizima.

Pangaboi mmoja anakula wati 70 hivi. Wanne ni wati 280. Viyoyozi vitatu vya BTU 12,000, ambavyo darasa hili lingevihitaji, hula zaidi ya mara kumi ya hapo. Kabla ya kuning'iniza chochote, fundi apande darini na bisibisi aichome mbao ya kenchi. Mchwa hula ndani na kuacha ganda. Nyaya nazo zitazamwe. Jengo lililowekewa umeme kwa ajili ya balbu mbili halibebi mzigo wa viyoyozi bila kubadilishiwa nyaya, na gharama hiyo huwa haimo kwenye daftari la michango.

Kiyoyozi kina mahali pake: chumba cha kompyuta, maktaba, chumba cha mtoto ambaye mwili wake haumudu joto. Watu wachache, paa lililotibiwa, na feni ndogo ukutani inayoingiza hewa ya nje muda wote. Zile mashine za kupoza kwa maji zinafaa Dodoma penye ukavu. Tanga na Mombasa zinaongeza unyevu tu.

Huko kwenye baridi

Mkuu wa shule wa Makete, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, akisoma haya mwezi Julai atacheka. Kwake shida ni vidole vinavyoshindwa kushika kalamu. Lakini hesabu ni ile ile ikisomwa kinyume. Zile wati 4,500 za watoto 60, ambazo pwani ni balaa, kwake ni hita isiyo na bili. Kinachozipoteza ni bati tupu juu, mlango usiokaza na kioo kilichovunjika upande wa upepo. Dari hiyo hiyo niliyoipendekeza Tanga inazuia joto lisitoroke Makete.

Kosa la huko ni kufunga kila kitu. Madirisha ya chini yafungwe wakati wa kipindi, matundu ya juu ya lenta yaachwe, na kila mapumziko dirisha na mlango vifunguliwe wazi kwa dakika tano hadi kumi. Kuta zina joto lake. Darasa litarudi kuwa na vuguvugu mapema kuliko unavyodhani. Ila jiko la mkaa lisiingie bwenini, hata likiwa limebaki makaa tu. Makaa yasiyo na moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki kuisimulia.

Jaribio la shilingi mia tano

Kipimo cha kabonidayoksaidi kinauzwa na si ghali kama feni nne, shule kadhaa zinaweza kuchangia kimoja. Lakini kikao kikisitasita, mimi hubeba ubani na kijiko cha makaa. Mara ya mwisho ilikuwa katika darasa la madirisha ya alminiamu, wazazi tisa, mwalimu mkuu na fundi yule yule. Tuliuwasha katikati ya chumba, madirisha "yamefunguliwa". Moshi ulipanda wima hadi juu, ukakutana na zile tofali zilizozibwa, ukajikunja, ukaanza kushuka taratibu juu ya madawati. Mama mmoja akatoa ushungi wake akajifunika pua. Fundi alitazama juu kwa muda, kisha akatoka nje bila kusema neno, na tukasikia patasi ikigonga saruji.